Diski ya pili ya seva yetu

Mtu akisikia "seva" anafikiri ni mashine kubwa ya ofisini. Yetu hapa Nakivale ni kompyuta ya zamani tu, iko juu ya meza, inakula solari. Ndani kuna Kolibri, ile programu ya masomo isiyohitaji intaneti, pamoja na majina ya wanafunzi na mahali kila mmoja alipofika. Kupakua masomo yote upya kwa bando zetu hizi? Acha tu.

Kuna wenzetu walitaka tunakili folda ya majina peke yake, eti diski ya akiba isijae. Tulikataa. Ukiwa na folda tu, siku seva ikifa unaanza upya: mfumo, programu, mipangilio, maneno ya siri. Na aliyeyajua hayo yote pengine alishapanda ndege, yuko Kanada. Picha ya diski nzima inabeba vyote kama vilivyo.

Basi kila Jumamosi jioni tunazima seva, tunaiwasha kwa flashi yenye Clonezilla, ambayo ni ya bure. Inanakili sehemu zenye data, zilizo tupu inaziruka. Kisha inakagua kama nakala itaweza kurudishwa. Hapo msiruke, hata betri ikielekea kuisha.

Mwezi wa tatu, Jumatano, diski ikafa kweli. Tukapewa nyingine, imeandikwa GB 500 kama ya kwanza, Clonezilla ikaikataa. Kumbe ilipungua kidogo, kampuni tofauti, na picha haikubali kuingia diski ndogo kuliko ile ya mwanzo hata kama data haijafika nusu. Wanafunzi wakakaa bure siku sita mpaka ikapatikana ya TB 1 kutoka Mbarara. Kurudisha kwenyewe, saa mbili na kitu. Watu wakaingia kwa majina yao kama kawaida.

Ila kazi ya Jumatatu na Jumanne haikurudi. Dada mmoja alikuwa amemaliza hesabu za sehemu zote, akarudia. Wiki nzima hakutusemesha, na ana haki. Siku hizi majina na maendeleo tunanakili kila jioni, diski nzima Jumamosi.

Ndugu zetu wa mashirika, mkituletea kompyuta ongezeni diski ya pili, tena iwe kubwa zaidi. Na jueni picha ile ina jina la kila mtu, wakati wengine hapa hawataki ijulikane walipo. Ndiyo maana tunaifunga kwa neno la siri, na hailali pamoja na seva. Inalala nyumba nyingine, na ni ya nani hatuandiki hapa.