Mkono Usiouma
Kwetu Boko, kuchuliwa sharti uumie. Shangazi hunichua kwa mafuta ya nazi; nikilia anasema, "Ndo inatoka hiyo." Miezi mitatu shingo ikagoma. Kuvuka Barabara ya Bagamoyo nageuza mwili mzima, na siku moja nusura bodaboda itugonge, mimi na mwanangu mgongoni.

Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada aliyesomea KCMC, Moshi. Akaweka vidole chini ya kisogo changu, akatulia tu. Nikasema moyoni, hapa hela imeliwa. "Mama, shusha mabega," akaniambia. Kumbe nilikuwa nimeyapandisha! Akanifundisha kurudisha kidevu nyuma, taratibu, mara 10, asubuhi na jioni.

Leo nimegeuza shingo kulia, nikaiona daladala ya Bunju inakuja. Shangazi sijamwambia bado.