Kipimo cha Kimo



Mwenzetu mmoja asomaye sayansi alirudi Mutarule wakati wa likizo, akatusimulia habari za kichupa kidogo alichoonyeshwa na mwalimu wake. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe, haba mno, na juu yake yaliandikwa maneno haya: kwa utafiti wa maabara tu. Unga huo ni protini ya binadamu, lakini haukutoka katika mwili wa binadamu yeyote.

Protini hiyo huitwa IGF-1. Katika miili yetu hutengenezwa hasa na ini, kwa amri ya homoni ya ukuaji itokayo katika tezi iliyo chini ya ubongo. Kazi yake ni kuziagiza seli zikue na kugawanyika. Ili kuipata kwa wingi, wataalamu huchukua jeni ya binadamu yenye maelekezo ya kuitengeneza, wakaipandikiza ndani ya bakteria. Nao bakteria, wakizaana, huitengeneza protini kama ilivyo ya kwetu.

Kisha mwenzetu akatuambia jambo ambalo hatukulitazamia: protini hiyo ina historia inayogusa nchi yetu. Katika miaka ya 1980, mtafiti Mmarekani Robert Bailey alifanya utafiti miongoni mwa Waefe, wawindaji wa msitu wa Ituri, ambao ni wafupi kuliko jirani zao Walese, wakulima. Seli za damu za Waefe zilikuzwa katika maabara za Marekani. Mwaka 1993, na tena mwaka 1995, Mitchell Geffner, Bailey, David Golde na wenzao waliandika kwamba seli hizo, zilipopewa IGF-1, hazikuitikia kama seli za watu wengine. Amri ya kukua ilifika. Seli hazikuipokea sawasawa.

Hapo mmoja wetu alifanya mzaha juu ya ufupi wa Waefe, nasi wengine tukacheka. Kicheko hicho ndicho kilichotufanya tuandike.

Maana sisi wa bonde la Ruzizi tunajua mwisho wa kumpima mtu kwa sura na asili yake. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30 waliuawa hapa Mutarule, katika uhasama wa makabila. Tumewazika, tumewalilia. Hata hivyo, tulipoketi kivulini kuzungumzia sayansi, ulimi wetu ulirudia mazoea yale yale: huyu mfupi, yule mrefu, huyu ana pua ya namna hii.

Sayansi yenyewe haikutuunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba Waefe huzaliwa wakiwa wadogo tayari, hali Wabaka wa Kameruni huzaliwa na kimo cha kawaida, kisha ukuaji wao hupungua katika miaka 2 ya kwanza. Wote wawili huitwa kwa jina moja la dharau, kumbe miili yao imefika hapo kwa njia mbili tofauti.

Liko na jambo la pili. Golde huyo huyo aliwahi kushtakiwa na mgonjwa wake Mmarekani, John Moore, aliyelalamika kwamba seli zake zilitumiwa kwa utafiti wenye faida bila yeye kuelezwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya California ilikataa dai la Moore la kuzimiliki seli hizo, lakini ikasema kwamba daktari ana wajibu wa kumfunulia mgonjwa maslahi yake. Moore alikuwa na jina, wakili na mahakama. Mwefe aliyetoa damu yake hatumjui. Kumficha mgonjwa jina ni desturi njema. Ila tunatamani awe aliulizwa kwa lugha yake, na jibu lililopatikana likarudishwa kwake msituni.

Hatuipingi maabara. Protini ya namna hii ni dawa pia kwa baadhi ya watoto ambao miili yao haiitengenezi vya kutosha. Tunachokiri ni kosa letu: mtafiti alikipima kimo akitafuta sababu, sisi tulikipima tukitafuta wa kumcheka.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni jina gani la dharau linalotumika kijijini kwenu juu ya mwili au asili ya mtu? Ni nani miongoni mwetu atakayekuwa wa kwanza kuliacha, hata pale ambapo wenzake wote wanacheka?