Simu isiyo na bando si simu isiyo na intaneti

Katika nyumba nyingi siku hizi haikosekani simu moja ya zamani. Ilikuwa ya baba, akanunua nyingine. Kioo kina ufa pembeni na betri haifiki jioni, lakini inawaka. Mtoto akifika sekondari anaanza kuililia, na wazazi hupata jibu linaloonekana la busara: apewe, ila isiwekwe laini wala bando. Atapiga picha, atasikiliza muziki, atasoma notsi. Mtandaoni hatakwenda, na mfuko wa nyumba hautaguswa.

Kwa upande wa fedha hesabu hiyo ni nzuri. Kwa upande wa malezi ina tundu.

Mama mmoja anayeuza vitenge Mbagala, jijini Dar es Salaam, alifanya hivyo kwa binti yake wa kidato cha pili. Alitoa laini, akafuta vilivyokuwamo, akamkabidhi simu wakati wa likizo ya Juni. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, binti akawa mwepesi wa kutumwa dukani. Chumvi, kiberiti, vocha ya baba. Kikitajwa kitu jioni, yeye ndiye wa kwanza kusimama. Mama alifurahi, mpaka jirani alipomwuliza kwa upole kama anajua mwanawe husimama wapi kila siku baada ya magharibi.

Alikuwa akisimama kando ya kibanda cha kinyozi. Kibanda kina waifai kwa ajili ya wateja, na kijana anayefanya kazi pale alikuwa amempa neno la siri. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Lakini mama yeyote anajua kwamba msichana wa miaka 14 akizoea kupewa kitu cha bure gizani na kijana asiye wa kwao, iko siku ataambiwa alipe.

Mama alitaka kuichukua simu usiku uleule. Baba akasema, "Kwanza tumwulize alikuwa anatafuta nini."

"Mama, kwenye kundi la darasa wanatumiana maswali ya hisabati," binti alijibu. "Mimi tu ndiyo sipati. Nikirudi shule nitaonekana mjinga." Alikuwa pia akiangalia video za misuko na nyimbo, na hilo hakulificha.

Mama akashangaa: WhatsApp ameipataje bila laini? Kumbe programu ile inahitaji namba kwa ajili ya kupokea tarakimu za uthibitisho tu, na laini yenyewe inaweza kuwa kwenye simu nyingine. Binti alitumia namba ya shangazi yake mwenye kitochi. Shangazi alimsomea tarakimu zile, wala hakujua anafungua nini.

Hapo ndipo penye tundu. Laini na bando ni mlango mmoja tu wa simu. Waifai ya kinyozi, ya jirani au ya mgahawa ni mlango wa pili. Bluetooth na memori kadi ni wa tatu; video hupita kutoka mkono hadi mkono bila intaneti yoyote, na mtoto anaweza kupokea jambo zito asiyeweza kumsimulia mtu. Mzazi aliyefunga mlango mmoja akalala usingizi hajalinda nyumba.

Kuna pia mlango wa nne, nao hufunguliwa na wazazi wenyewe. Baba akimpa mtoto simu bila kuondoa akaunti yake ya Google, anaweza kuwa amempa na picha zake, barua pepe zake na yote aliyowahi kutafuta. Njia salama ni kutoa akaunti kwanza, ndipo simu ifutwe yote. Simu nyingi za Android zikifutwa bila akaunti kutolewa, zikiwashwa huweza kudai ile ya mwanzo na neno lake la siri. Kwa hiyo anayenunua simu ya mtumba amtake muuzaji aondoe akaunti mbele yake kabla ya kulipa. Abonyeze pia *#06# aone namba ya IMEI, kisha aitume kwa ujumbe kwenda 15090 kuihakiki. Simu bandia zilianza kuzimwa Tanzania tangu Juni 2016, na iliyozimwa haitapokea laini hata siku mtoto atakapoihitaji.

Familia ile ya Mbagala haikuichukua simu. Walikubaliana intaneti iingie ndani ya nyumba. Jumatano na Jumamosi, saa 1 hadi saa 2 usiku, mama huwasha hotispoti kwenye simu yake na binti hukaa naye sebuleni. Neno la siri la kinyozi binti alilifuta mwenyewe, mama akiona. Akaunti ya WhatsApp ilihamishiwa kwenye laini ya pili ya mama, kwa sababu mwenye namba ndiye mwenye uwezo wa kuichukua akaunti.

Siku ya kwanza waliumia. Bando la wiki liliisha kabla ya saa kwisha. Simu ya zamani ikishika hotispoti inaweza kudhani imepata waifai ya bure, basi ikaanza kupakua masasisho ya programu zote kwa mkupuo. Dawa yake ni kuzima masasisho ya kujiendesha kwenye Play Store na kushusha ubora wa video. Baada ya hapo saa moja ya binti ikawa haimalizi bando la mama.

Saa hiyo hutumika kupakua. Maswali ya darasa, mitihani iliyopita ya NECTA, na Wikipedia ya Kiswahili kupitia programu ya Kiwix, ambayo ikishapakuliwa husomwa hata mahali pasipo na mtandao kabisa. Ramani nazo huhifadhiwa hivyo hivyo. Redio ya FM, kwa simu yenye redio, haihitaji bando. Inahitaji hedifoni zenye waya, kwa kuwa waya ndio antena. Wiki nzima inayobaki binti ana cha kusoma na cha kusikiliza.

Mama sasa anatumia fedha kidogo zaidi ya alivyopanga mwanzoni. Anasema afadhali hiyo kuliko chumvi inayonunuliwa kila jioni.

Kwa mzazi anayefikiria kumrithisha mtoto simu, betri iliyovimba ibadilishwe kwanza, na simu isichajiwe chini ya mto. Usiku ilale sebuleni pamoja na za wakubwa. Simu kuukuu isiyopata tena masasisho ya usalama isiwekewe mambo ya benki. Na kabla ya kumnyima bando, amwulize mtoto anataka kwenda mtandaoni kufanya nini, kisha amsikilize mpaka mwisho. Mtoto anayejua siku na saa ya kupata intaneti nyumbani hana haja kubwa ya kuitafuta barabarani.