Kumsikiliza Mtoto Mmoja Mmoja



Sisi tuliosomeshwa chuoni huko pwani tulikaa mkekani makumi kwa makumi, kila mmoja akipaza sauti mahali pake, hata mpita njia akadhani ni zogo tupu. Lakini kila mtoto alikuwa na zamu ya kukaa mbele ya maalim, akasoma peke yake kuanzia alipokomea jana. Hakuna aliyehesabiwa kuwa amemaliza juzuu kwa sababu wenzake wameimaliza. Skuli ndiko tulikokuta darasa zima likiitikia kwa pamoja, na itikio la namna hiyo ni kama shuka: hufunika mengi.

Katika darasa letu dogo la Kiswahili hapa Ruwais, Jedda, tumeurudia mtindo wa chuoni. Wenzake wakiandika, mtoto mmoja huja kutusomea kwa dakika saba au nane. Hatumkatizi kwa kila neno. Twaandika daftarini, kisha twamwuliza hadithi inasema nini.

Wanaosoma skuli za Kiarabu aghalabu husema “baka” badala ya paka, “fitabu” badala ya vitabu, na mtoto huwa “mtutu”. Si uzembe. Kiarabu fasaha hakina p wala v, na alama zake za irabu ni tatu, ilhali irabu zetu ni tano. Hilo hurekebishika upesi.

Zito ni jingine. Kijana wa miaka kumi alikuwa akisoma kwa lahani nzuri kuliko wote. Tulipomfungulia ukurasa asioujua, akanyamaza. Kumbe hadithi zote alizihifadhi kwa kumsikia dada yake. Baba yake hakuridhika: “Maalim, huyu anasoma, nimemsikia mwenyewe!” Tukampa kitabu achague ukurasa yeye. Akachagua, akangoja, kisha akakifunga taratibu.

Na Januari kijana anarejeshwa Tanga, aingie Darasa la Tano, ambako hata sayansi na hisabati zaweza kumjia kwa Kiswahili. Wengi wetu twajua sababu: ada ya wategemezi iliyoanza Julai 2017 kwa riali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikafika 400 mwaka 2020.

Hata watafiti wa Uwezo, walioanza kazi Kenya mwaka 2009, huenda majumbani wakampima kila mtoto peke yake: herufi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo hicho kila mzazi aweza kukifanya sebuleni, mradi ndugu zake wasiwepo kumnong’oneza.

Kijana wetu sasa huja Jumanne pia, baada ya Isha. Amefika kwenye silabi za ng’ na ny. Tunao watoto kumi na wanne na masikio mawili tu, hivyo twaomba wasikilizaji wengine. Si lazima wawe walimu. Bibi mwenye subira na miwani yake atatutosha kabisa.