Maji Yamepanda Mlimani

Ndugu zangu Waislamu, sisi wakaazi wa Kisarawe, mji mtulivu kwenye vilima vya Pugu, tumejaaliwa hewa safi na msitu. Shida yetu ilikuwa maji. Tuliamka alfajiri na ndoo, na jirani mwenye kisima hakutunyima. Mwaka 2020 ulizinduliwa mradi wa bomba, na maji ya Mto Ruvu, yanayosafishwa Mlandizi, upande wa Kibaha, yakatufikia. Alhamdulillahi!

Lakini sasa naona mabomba yamo uani, milango imefungwa, na mjane asiye na bomba anarudi na ndoo tupu. Je, dhiki itufunze ukarimu, na neema itufunze uchoyo? Jirani ana haki, hata asipokuwa wa dini yetu. Shukrani si ya ulimi tu. Mtekee kabla hajaomba. Wabillahi tawfiq.