Taa ya Manjano kwenye Njia ya Kolwezi

Kama umekwisha kupita njia ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, unajua namna ilivyo. Ni kilometa karibu 300. Unaondoka asubui na mapema, unapita magunia ya makala yaliyopangwa kando ya barabara, unapishana na makamio mazito yenye kubeba shaba kwenda Kasumbalesa, na shati yako nyeupe inaanza kugeuka rangi mbele ya saa sita.

Ilikuwa siku ya tano ya juma. Tulikuwa watatu ndani ya motokari: mimi, mama watoto, na kijana wetu wa miaka 16. Ndani ya kibeti cha mama kulikuwa bahasha ya mahari ya mdogo wangu. Jamaa yote ilichanga kwa miezi mingi. Wakwe walitungojea Kolwezi kesho yake, siku ya posho, saa nane.

Motokari yetu ni ya mkono wa pili. Ilitoka Japani, ikapitia Dar es Salaam na Zambia kama ndugu zake wengi unaowaona katika miji yetu. Haijatuaibisha. Lakini siku ile, tuliposimama kwenye peaji, motere ilikuwa ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Tulipoondoka, ikatulia. Nikasahau.

Kwenye daraja la Lufira, mbele ya kufika Likasi, nilimwonyesha kijana mahali ambapo mwezi wa 9 mwaka 1961 askari wa ONU walizuiwa. Walikuwa wakienda kuwasaidia wenzao Wairlandi waliozungukwa huko Likasi, iliyoitwa wakati ule Jadotville. Siku zingine angeniuliza maulizo kumi. Siku ile alitazama inje tu.

Tulipumzika kidogo Likasi. Tulipokuwa tunapanda vilima kisha kutoka muji, mama akanyoosha kidole: «Papa, ile taa iko inawaka!»

Ilikuwa taa ya manjano, yenye picha ndogo ya motere. Wewe ungefanya nini? Wengi wanaendelea na kuimba. Wengine wanafika mbali zaidi: wanamwambia fundi aondoe ile ampuli, ili isiwasumbue tena.

Mimi nilisimama kando na kutazama mambo matatu. La kwanza, rangi. Taa nyekundu ya mafuta ya motere, au alama ya motere kupata moto sana, zinataka usimame na kuzima mara moja. Ile yetu ilikuwa manjano. La pili, kama inawaka imara ao inapepesa. Katika motokari nyingi, ikipepesa ni kusema esanse haichomeki vizuri ndani ya motere, na ukiendelea kukimbia utaharibu vyombo vya bei kali. Yetu iliwaka imara. La tatu, sauti, harufu na nguvu. Nguvu ilikuwapo. Basi tukaendelea polepole mpaka Fungurume, pale kwenye vile vilima vya shaba na kobalti.

Huko fundi mmoja wa kando ya njia alifungua kapo, akatazama kwa nukta chache, akasema: «Ni kapteri, papa. Dola 120. Bila vile, hamufike.»

Nilimtazama mama. Yeye alishika kibeti chake kwa mikono miwili. Ungetoa dola 120 ndani ya bahasha ile, na kesho ungesimama mbele ya wakwe na hesabu pungufu? Tulikataa. Fundi akatoa shauri lingine: akafungua waya wa batri, akangoja, akarudisha. Taa ikazimika! Nikampa feza kidogo, tukavuka Lualaba kwa furaha na kuingia Kolwezi jua likishuka.

Lakini kufungua batri ni sawa na kufuta barua mbele ya kuisoma. Ordinatere ndogo ya motokari ilikuwa imeandika sababu ya taa, na sisi tuliifuta. Mara nyingi ordinatere hiyo inangoja kuona kosa lilelile katika safari mbili mbele ya kuwasha taa. Ndiyo maana kesho yake asubui, hatujafika hata kwenye kona ya pili, taa ikarudi.

Ndugu yangu wa Kolwezi akatupeleka kwa fundi kijana. Huyu hakugusa kapo. Aliingia chini ya volani, akachomeka apareyi ndogo kwenye kituo chenye matundu 16, akangoja. Kwa Marekani kituo hiki ni lazima kwa motokari zote za tangu mwaka 1996, na kwa Ulaya kwa zile za esanse tangu karibu mwaka 2001. Siku hizi unakikuta ndani ya motokari nyingi. Apareyi ikaandika: P0171.

«Kode haiseme ununue nini,» akatuambia. «Inasema fasi ya kutafuta.»

Kisha akatufasiria. Hewa inapita filtri, inapimwa, halafu ordinatere inatoa esanse kwa kadiri ya hewa ile. Kapteri ingine, kwenye bomba la moshi, inachunguza kama kipimo kilikuwa sawa. Kode P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko esanse. Inawezekana pompe ya esanse ni zaifu. Inawezekana kile chombo cha kupima hewa ni kichafu. Ao kuna hewa inayoingia kwa siri, kisha mahali pa kupimia, bila kuhesabiwa.

«Inatetemekaka wakati munasimama?» akauliza.

Nikakumbuka peaji. Akatikisa kichwa, akafungua kapo, akafuata tuyo kubwa ya mpira kwa vidole. Alipofika mahali inapoungana na motere, akasimama. «Nani alifungula hapa?»

Kimya. Kisha sauti nyuma yangu: «Ni miye, papa.»

Siku ya tatu kijana wetu alitaka kutufurahisha. Alitoa filtri ili aipangushe vumbi, na akafungua tuyo yote. Wakati wa kurudisha, visi ya mkanda wa chuma ikaanguka chini ya motere. Aliitafuta mpaka giza likaingia. Akasukuma tuyo kwa mkono, akafunga kapo, na akanyamaza kwa kilometa 300. Hata pale Fungurume, aliposikia dola 120, alishindwa kufungua kinywa.

Nilikuwa na maneno makali tayari. Lakini nikajiuliza: mwaka uliopita, alipovunja kioo cha nyuma, nilimpokea namna gani alipokuja kusema ukweli? Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Basi naye akajifunza kuzima taa yake.

Fundi alimpa yeye turnevisi na mkanda mupya. «Funga wewe.» Akafunga. Motere ikatulia palepale. Kisha tu, fundi akafuta kode. Tulilipa dola 5. Akatuonyesha pia vumbi jekundu ndani ya tuyo, lililopita bila kuchujwa na filtri. Vumbi hilo linasaga motere polepole kama jiwe la kunoa. Kama tungeondoa ampuli, tungefika salama siku ile, na motere ingekufa baadaye bila sisi kujua sababu.

Saa nane bahasha ilihesabiwa mbele ya wakwe. Haikupunguka.

Basi msomaji, taa hiyo ikiwaka kwako, uombe kode isomwe mbele ya batri kufunguliwa na mbele ya kununua chombo chochote. Tena, uulize nyumbani, kwa sauti ya upole, nani aligusa kapo mara ya mwisho.

Wakati wa kurudi, kwenye daraja la Lufira, kijana aliniuliza: «Papa, wale Wairlandi, waliishia namna gani?» Tuliongea mpaka Lubumbashi.