Doa Chini ya Teksi
Mwezi uliopita mama alinipigia simu kuniambia amepata mpangaji wa vyumba vya mbele, kwa hiyo niende Tanga nikasafishe zege. "Lile doa la baba yako linatutia aibu," alisema, akacheka kidogo, akakata.

Zege hilo linaanzia getini hadi barazani. Baba alilimwaga nikiwa darasa la tano, yeye na mafundi wawili, ili teksi yake isizame kwenye tope wakati wa masika. Sasa baba hayupo, na teksi tuliiuza baada ya arobaini yake.

Nasoma shahada ya uzamili ya kemia, kwa hiyo nilifika na ujuaji wangu wote. Jambo la kwanza ni kulitambua doa kabla ya kuligusa. Zege linaonekana gumu, lakini limejaa vitundu vidogo vinavyokunywa kila kinachomwagika, na dawa inayotoa doa moja huweza kukomaza jingine.

Getini, chini ya mzambarau, palikuwa na madoa ya rangi ya matunda. Karibu na bomba kulikuwa na utelezi wa kijani. Yote mawili nikayasugua kwa sabuni, kisha jiki iliyozimuliwa kwa maji. Kando ya ukuta kulikuwa na unga mweupe, chumvi inayopandishwa na unyevu na kubaki juu maji yakikauka. Huo nikauondoa kwa brashi kavu. Pale baba alipokuwa akiweka debe lake la spana palikuwa na duara la kutu. Jiki haiondoi kutu. Kutu hutaka asidi. Lakini asidi hula zege, na ikikutana na jiki hutoa gesi inayochoma mapafu. Nikasuuza sakafu nzima kwa maji mengi, nikalala. Asubuhi nikakamua ndimu juu ya kutu, nikasugua, nikasuuza upesi.

Likabaki la baba. Lilikuwa na upana wa ungo, jeusi. Nikadondosha maji juu yake. Hayakunywewa, yakajikusanya vitone vitone. Oili.

Nikalifunika kwa vumbi la mbao kutoka kwa seremala wa jirani ili linyonye kilichokuwa juu. Kisha nikakoroga sabuni ya unga na maji ya moto hadi ikawa uji mzito, nikaupaka, nikaanza kusugua. Mama alikuwa ameketi barazani akichambua mchele.

"Hivi baba alishindwa kweli kuziba uvujaji huu?" nikamuuliza.

"Hakushindwa. Ilikuwa sili ya nyuma ya injini. Fundi alisema lazima gia boksi ishushwe, gari lilale gereji siku kadhaa. Ndiyo mwaka ulioanza chuo. Ada yako ilikuwa haijatimia." Akapepeta mchele. "Akaona kuongeza oili kidogo kidogo ni nafuu kuliko kukosa abiria. Kila muhula akasema muhula ujao."

Nikaendelea kusugua, maana sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nilikumbuka yale maboksi aliyokuwa akitandika chini ya gari kila jioni. Nilikumbuka simu zangu kutoka hosteli, salamu fupi, kisha: "Baba, ile hela umeshatuma?" Na likizo moja, wenzangu wa chuo walipokuwa wanakuja kunitembelea, nilimwambia anachafua nyumba. Alicheka. "Acha tu. Atakuja kuliosha msomi."

Nilirudia mara tatu. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikafifia. Oili iliyokaa miaka mingi huzama ndani ya vile vitundu, na kila unapodhani imekwisha, sakafu ikikauka kivuli chake hurudi. Nilikuwa nachota sabuni kwa mara ya nne mama aliposimama karibu yangu, kanga kiunoni, akapatazama.

"Inatosha, mwanangu."

"Bado linaonekana, Mama."

"Naliona. Njoo ule."

Jumamosi mpangaji akaja. Akaegesha pikipiki yake palepale bila kutazama chini, akauliza kama maji hukatika mara kwa mara.